Raia wa Milimita 43

Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67, na sheria za mchezo haziruhusu upungue hapo. Uzidishe mara 40 utapata mita 1.7, kimo cha mtu mzima wa kawaida. Kwa hesabu hiyo, jengo likichongwa kwa kipimo cha 1 kwa 40 na kuwekwa kwenye uwanja wa gofu ndogo, linapata mkazi papo hapo: mpira unaopita mlangoni mwake ni mrefu sawasawa na mtu ambaye mlango ule ulichorwa kwa ajili yake.

Wasanifu majengo wamezoea modeli za vipimo vya namna hiyo. Huzipamba kwa watu wa karatasi, wamesimama wawili wawili chini ya miti ya sponji, kila mmoja akiwa na kivuli chake. Watu wale hawatembei. Hawakwami kwenye kona wala hawapotei njia, na hakuna anayerudi ofisini kulalamika. Mpira unatembea. Usipopita, watu wote waliosimama hapo na fimbo mkononi wanaona kosa ni la nani. Nimesoma maelezo mengi ya miji ya kesho, yenye picha za kupendeza kuliko jiji lolote lililopo, na sijui mtihani mwingine mdogo, wa bei nafuu na usio na upendeleo kama huu wa kuupeleka mji huo chini, kuutandikia kapeti, kisha kumwachia mtoto wa miaka tisa aupige mpira.

Mtihani wenyewe umeshafanyika mahali pa heshima. Jijini Washington, Marekani, lipo Jumba la Makumbusho ya Taifa ya Ujenzi. Jengo lake lilisimamishwa kati ya mwaka 1882 na 1887 na mhandisi wa jeshi Montgomery Meigs, liwe ofisi ya kulipa pensheni za askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ukumbi wake una nguzo nane za Kikorintho zenye urefu wa karibu mita 23. Ukizitazama utaapa ni marumaru; ndani ni matofali, nje ni lipu na rangi iliyopakwa kwa ustadi. Sijui kama waandaaji walilifikiria hilo, lakini jengo lenye nguzo za kuigiza ndilo hasa linaloufaa mchezo wa majengo ya kuigiza. Kiangazi cha mwaka 2012 makumbusho yaliwaita wasanifu majengo, wabunifu wa mandhari na makandarasi, yakawagawia mashimo ya gofu ndogo wayabuni na kuyajenga humo ndani. Mwaka 2013 mchezo ukarudi kwa mashimo mapya, na safari hii wabunifu wakatakiwa kufikiria ujenzi wa wakati ujao.

Msanifu anayepewa kazi kama hiyo kwa mara ya kwanza huwa na jibu tayari: achague jengo maarufu, alichonge dogo, atoboe njia katikati yake. Linapendeza kwenye picha. Lakini hilo ni sanamu lenye tundu. Ukiondoa Mnara wa Eiffel ukaweka piramidi, mpira unakwenda vile vile na mchezaji anafikiri vile vile. Kazi inaanza kuwa ya ufundi pale wazo la jengo linapogeuka kuwa mwendo wa mpira, kiasi kwamba mtu aliyefumbwa macho, akisikiliza tu mpira unavyoviringika na kugonga, angeweza kubahatisha yuko kwenye jengo gani.

Chukua Guggenheim, jumba la sanaa la New York, kazi ya msanifu Frank Lloyd Wright iliyofunguliwa mwaka 1959. Wright alitaka mgeni apande juu kwa lifti, kisha ateremke kwa miguu kwenye njia inayozunguka ukumbi, akitazama picha zilizo kwenye ukuta wa nje. Kwa mpira hii ni zawadi. Mpira unaoteremka kwa kuzunguka hubanwa na mwendo wake wenyewe kwenye ukuta wa nje, ule ule wenye picha, na unaufuata hadi chini kwa utiifu ambao hakuna mtalii aliyewahi kuuonyesha.

Shida ni kuufikisha juu, maana mbunifu hana lifti. Ana mwinuko wa mbao na mkono wa mchezaji. Ili mpira upande sentimita 30 kwa kuviringika, unahitaji kufika chini ya mwinuko ukiwa na kasi ya mita 2 hivi kwa sekunde, kabla hata kapeti haijachukua ushuru wake. Ukishuka sentimita hizo hizo 30 bila kizuizi, unarudishiwa kasi ile ile. Sasa angalia tundu. Upana wake ni milimita 108, na mpira unaokuja katikati yake kwenye uwanja tambarare hutumbukia kama kasi yake haizidi mita 1.6 hivi kwa sekunde. Ukizidi hapo, unagonga ukingo wa mbele, unaruka na kuendelea na safari. Maana yake ni kwamba Guggenheim ya sentimita 30 iliyojengwa kwa mikono safi, kwa mbao laini zisizo na msuguano, na tundu likiwa mlangoni kabisa, itamtema kila anayecheza vizuri. Anayecheza vibaya hatafika juu. Shimo la namna hiyo halina mshindi, na foleni nyuma yake itafika barabarani.

Mbunifu mwenye subira ataanza kupunguza. Jengo likishuka hadi sentimita 15, kasi ya mteremko haivuki mita 1.5, na tundu linaweza kumeza. Lakini jengo la sentimita 15 linafika kwenye kifundo cha mguu, na watu watalikanyaga. Basi atalirudisha kwenye kimo chake, atandike kapeti nzito zaidi kwenye mzunguko, kisha aweke uwanda mrefu kati ya mlango na tundu ili mpira uchoke njiani. Uwanda huo ukishawekwa unageuka kuwa Fifth Avenue, barabara iliyo mbele ya jumba lenyewe, na ghafla shimo lina mtaa ambao haukuwa kwenye mchoro wa kwanza. Sehemu kama hizi ndizo zinazonifanya niuheshimu ufundi huu. Hesabu ya msuguano imeleta barabara.

Miji ya kesho ya karne iliyopita inaumbuka zaidi. Mwaka 1925 msanifu Le Corbusier alionyesha mpango wake wa kubomoa sehemu kubwa ya katikati ya Paris, upande wa kulia wa mto Seine, na kusimamisha humo minara 18 ya vioo yenye umbo la msalaba, na bustani kubwa katikati yake. Minara 18, idadi ile ile ya mashimo ya uwanja kamili wa gofu. Mtu angedhani aliagiziwa. Hebu ipange kwenye kapeti. Umbo la msalaba lina kona nne za ndani, kila moja ya nyuzi 90, na kona ya ndani ya nyuzi 90 ina tabia moja ambayo kila mcheza puli anaijua: mpira ukiingia humo, ukagonga ukuta mmoja kisha wa pili, unatoka ukielekea ulikotoka. Minara 18 ni kona 72 za namna hiyo. Raia anatoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, mji unamrudisha nyumbani. Anajaribu tena, unamrudisha tena.

Na asiponaswa kwenye kona, anapotelea bustanini. Anayetazama mchezo kwa mbali hudhani uwanda mpana ni msaada, lakini kwenye gofu ndogo ukuta ndio rafiki wa mchezaji. Ukuta unamruhusu apige kwa pembe, aipitishe kona, afike mahali asipoweza kupaona. Penye uwazi mtupu kilichobaki ni kupiga moja kwa moja na kuomba mkono usitetemeke. Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs alitetea mitaa mifupi yenye kona nyingi kwa sababu inampa mtembea kwa miguu njia za kuchagua, na wapangaji wengi wa miji wa wakati ule hawakumwelewa. Mpira ungemwelewa mara moja.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema usasa wote wa miaka ile haufai kapeti. Brasília, mji mkuu wa Brazili, inafaa sana. Mpango wa msanifu Lúcio Costa ulishinda mwaka 1957, mji ukazinduliwa tarehe 21 Aprili 1960, na mitaa yake ya makazi ina majengo ya ghorofa sita yaliyonyanyuliwa juu ya nguzo ili ardhi iliyo chini ibaki ya watu wote kupita. Shimo limekwisha kujichora hapo! Majengo yanasimama, mpira unapita chini yake, na kila nafasi kati ya nguzo ni mlango halali. Kilichobaki ni kuamua nguzo zitaachana kiasi gani, na hapa ndipo unapomtambua anayeijua kazi. Nafasi ya milimita 86 kati ya nguzo mbili, mara mbili ya upana wa mpira, inaonekana kuwa ya ukarimu ukiitazama kwenye karatasi. Mchezaji aliyesimama mita 2 nyuma yake anaruhusiwa kukosea kwa nyuzi 0.6 tu kila upande. Ni pembe ndogo mno kwa mtu aliyekuja na familia Jumamosi jioni. Panua nafasi mara mbili tena, shimo linaanza kupumua.

Kisha lipo suala la umbo la nguzo. Ya mraba ni mwaminifu: ukiigonga ubavuni unajua mpira utaelekea wapi. Ya mviringo hutawanya, kwa kuwa tofauti ya milimita mbili mahali pa kugonga inaubadilisha uelekeo wote. Msanifu anayependa nguzo za mviringo kwa sababu ndizo zilizomo kwenye michoro ya mabwana wakubwa ajue kwamba ameingiza bahati nasibu mjini mwake. Mimi ningeweka za mraba pembeni, za mviringo chache katikati, ili anayethubutu kupita katikati ajue anacheza kamari.

Mabishano kuhusu bahati na ustadi ndiyo historia nzima ya mchezo huu. Ulishawahi kuwa wazimu wa taifa: mwishoni mwa miaka ya 1920 Garnet Carter aliutangaza kutoka Lookout Mountain, kusini mwa Marekani, kwa jina la Tom Thumb, na kufikia mwaka 1930 viwanja vilikuwa vimeota nchi nzima kwa maelfu, hadi juu ya mapaa ya New York. Muda si mrefu vingi vikafa. Vilivyofufuka miaka ya 1950 vilifuata imani mbili. Huko Scranton, Pennsylvania, ndugu wawili wa ukoo wa Lomma waliuza vinu vya upepo, ngome na vizuizi vingine vinavyocheza, tayari kwa kufungwa uwanjani. Don Clayton wa Fayetteville, North Carolina, alianzisha viwanja vya Putt-Putt mwaka 1954 akavifukuza vinu vyote. Kwake ukuta, mwinuko na pembe vilitosha, na mchezaji hodari alipaswa kumaliza kila shimo kwa mapigo mawili au pungufu. Mwaka huo huo Uswisi, kule Ascona, ulifunguliwa uwanja wa Paul Bongni, mbunifu wa mandhari kutoka Geneva, wenye njia za zege za vipimo maalumu, mita 12 kwa mita 1.25, ili matokeo ya mji mmoja yalinganishwe na ya mji mwingine. Hadi leo mashindano ya Ulaya yanachezwa kwenye njia za namna hiyo, na asiyetumbukiza kwa mapigo sita anaandikiwa saba na kusogea mbele.

Moyo wangu uko kwa Clayton na Bongni, lakini siwezi kuwadharau akina Lomma, hasa kwa mtu anayetaka kujenga mji unaotembea. Mwaka 1964 Ron Herron wa kundi la wasanifu la Archigram, Uingereza, alichora mji wa majengo makubwa yenye miguu, yanayohama kutoka nchi hadi nchi kama wadudu waliokosa shamba. Ukitaka kuuleta kapetini, unarudi kwa kinu cha upepo upende usipende. Kitu kinachofungua na kufunga njia kwa zamu kina kanuni yake. Mpira unaokwenda mita moja na nusu kwa sekunde kutoka umbali wa mita mbili unafika baada ya sekunde moja na theluthi hivi. Mguu wa mji ukinyanyuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, anayepita amebahatika tu. Ukinyanyuka kwa sekunde nzima, ukashuka kwa sekunde nzima, mchezaji anaweza kusimama, akahesabu moyoni, akapiga mpira wakati mguu bado uko chini kwa kuwa anajua utakuwa juu mpira ukifika. Hapo kinu kimegeuka kuwa ustadi. Tofauti yote imo kwenye gia ya mota, mahali ambapo hakuna mpiga picha atakayepeleka kamera yake.

Mengi ya kazi hii yanafichwa namna hiyo. Shuka chini uangalie sakafu. Plaiwudi huuzwa kwa mabamba ya mita 2.44 kwa 1.22, kwa hiyo shimo lolote la maana lina viungo, na kiungo kibaya kinaupotosha mpira hata kikiwa kimezikwa chini ya kapeti. Seremala mzuri hukiweka kiungo juu ya boriti, asikiache kikining'inia. Anafunga skrubu pande zote mbili na kuvizamisha vichwa vyake, anajaza ufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msumeno, anaacha ikauke mpaka iwe ngumu, kisha anapiga msasa. Pima maji atalitumia, lakini mwisho atafunga macho na kupitisha kiganja, kwa sababu kiganja kinasikia mkwaruzo ambao jicho limeukubali.

Kapeti nayo ina mlalo wa nyuzi. Mpira unaokwenda na mlalo huo huenda mbali kuliko unaoupinga, na unaoukata kwa ubavu hupinda kidogo kuelekea nyuzi zinakolalia. Vipande viwili vya kapeti moja vikitandikwa kwa mielekeo tofauti vitafanana machoni, lakini mpira utakapovuka mpaka wao utabadilisha mwendo bila sababu yoyote ambayo mchezaji anaweza kuiona. Fundi mzembe hutandika hivyo ili asipoteze vipande. Fundi hodari anaweza kufanya hivyo hivyo kwa makusudi, akaficha mkondo wa mto kwenye uwanja unaoonekana mkavu.

Kingo za mbao za mbili kwa nne zinaonekana kuwa kazi ya dakika kumi. Zipime. Ukingo ukiwa chini ya nusu ya kimo cha mpira, yaani chini ya milimita 21, mpira unaoupiga kwa nguvu unanyanyuka na kutoka nje. Mbao mbili zikiungwa na moja ikajitokeza kwa unene wa kadi, mpira unaoufuata ukingo utagonga hapo na kurukia katikati, na mchezaji ataapa kuna mtu kapuliza. Kwenye kona inayopindisha njia, fundi hukata kipande cha nyuzi 45 ili pigo lililonyooka ligeuke nyuzi 90. Nyuzi 43 hazifai: kosa la nyuzi mbili kwenye mbao linakuwa la nyuzi nne kwenye mwendo wa mpira, na ukienda mita tatu mbele umekosea kwa zaidi ya sentimita 20. Nimemwona seremala akikichomoa kipande kama hicho kwa mara ya tatu, akakipunguza kwa randa kiasi cha unyoya, akakirudisha, akatuma mpira, akatikisa kichwa, akakichomoa tena. Aliyemlipa alikuwa amesimama pembeni akitazama saa.

Upande mmoja wa miji ya kesho uliosahauliwa na karibu wote walioichora umeingizwa kwenye gofu ndogo kwa nguvu ya sheria. Viwango vya Marekani vya mwaka 2010 kwa ajili ya watu wenye ulemavu vinadai angalau nusu ya mashimo yafikike kwa kiti cha magurudumu, na yafuatane, ili mtu asilazimike kurudi nyuma dhidi ya foleni au kuruka shimo moja na kulikosa lingine. Wabunifu hulalamika sharti linapotajwa kwa mara ya kwanza. Kisha wanarudi mezani na kugundua kwamba daraja waliloweka ngazi linapendeza zaidi likiwa na mteremko, na kwamba mteremko huo huo unaweza kuwa njia ya pili ya mpira. Uwanja uliochorwa hivyo tangu mwanzo unatambulika: hauna kona ya aibu iliyobandikwa ubao wa plaiwudi siku moja kabla ya ufunguzi.

Siku ya ufunguzi yenyewe, msanifu huwa amesimama mbali kidogo akijifanya anaongea na simu. Watoto wanaupiga mpira kinyumenyume kutoka kwenye tundu. Mzee mmoja anapita chini ya jengo la Brasília kwa pigo moja, hata hajui alichofanya. Mtu mwingine amegundua kwamba ukigonga ukingo wa kushoto, mbele kidogo ya mnara wa pili, unaukwepa mji wote na kufika tunduni kwa pigo moja. Kufikia alasiri njia hiyo inajulikana na kila mtu, na asubuhi seremala atakuja na kipande cha mbao kuifunga. Mimi ningemzuia. Njia ya mkato iliyovumbuliwa na wakazi ndiyo dalili ya kwanza kwamba mji umekubalika.

Na bado lipo shimo la mwisho, ambalo kwenye viwanja vingi vya biashara haliurudishi mpira kwa mchezaji. Chini ya tundu lake kuna bomba linaloupeleka mpira hadi dirisha la mhudumu, kwa sababu mipira hugharimu fedha na mifuko ya watoto ina kina. Bomba linahitaji mteremko usiokatika, kona pana, na mfuniko unaofunguka kwa urahisi siku litakapozibwa na ganda la peremende. Ndilo shimo linalogombewa kidogo kuliko yote wabunifu wanapogawana kazi. Mimi ningeliomba. Kila mmoja hapo atakuwa na minara yake na madaraja yake ya angani, na mimi ningekuwa na mfereji wa maji machafu wa mji mzima, wenye mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, na mfuniko wa bawaba mbili wenye kitasa.